Wahedi wa Sitini: namna ya kucheza, kwa anayeanza kabisa

Maswali ni yaleyale kila siku. Kwa nini saba imemla mfalme? Mbona tumeanza na pau na yeye kamwaga kopa, si amekosea huyo? Nimekula mara nyingi kuliko wao, imekuwaje nifungwe mimi? Wanaoujua mchezo hujibu nusunusu huku macho yako kwenye karata, na aliyeuliza huondoka na majibu matatu yasiyoungana. Basi haya hapa kwa mpangilio. Jifunze nyumbani na mtu mmoja kwanza, ndipo uende ukakae na watu ambao hawana subira na mgeni.

Wahedi wa sitini ni mchezo wa watu wa Zanzibar na mwambao. Maana ya jina lake ni sitini na moja, na hiyo ndiyo idadi ya pointi unayoitafuta. Ni ndugu wa bisca ya Wareno. Waitalia nao wana wa kwao, briscola, na nautaja kwa sababu moja tu: ukipakua briscola kwenye simu ili ufanye mazoezi, utakuta tatu ndiyo inayoifuata ree (ile yenye A) kwa ukubwa, si saba. Hiyo iache hukohuko kwenye simu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Pakiti moja ya karata za kawaida, zile 52. Zisiwe zimekunjika pembe, maana karata iliyokunjika inajulikana hata ikiwa imefunikwa, na mwenye jicho kali atakuwa anakusoma mkononi.

Watu wawili, watatu au wanne. Wawili ndiyo njia nzuri ya kujifunza. Wanne ndiyo utamu wenyewe, wawili kwa wawili.

Mkeka au meza, na mahali pa kuandika nani kashinda mara ngapi. Kokoto zinatosha.

Na makubaliano. Sheria za mchezo huu hubadilika kidogo kutoka baraza moja hadi nyingine, kwa hiyo mambo matatu myaseme kabla karata hazijagawiwa: mnazunguka kulia au kushoto, mwenye garasa (karata isiyo na pointi) la turufu (aina inayokula nyingine zote) anaruhusiwa kulibadilisha na turufu iliyofunuliwa au haruhusiwi, na mkigawana sitini kwa sitini inakuwaje. Ugomvi mwingi niliousikia kwenye karata ulikuwa juu ya kitu ambacho kingemalizwa kwa nusu dakika mwanzoni.

Karata na thamani zake

Toa majoka (joker). Kisha toa nane zote, tisa zote na kumi zote. Hizo ni karata 12, ziweke kando. Zitakazobaki ni 40, yaani kumi kwa kila aina: shupaza, kopa, uru na pau. Kama majina haya ni mageni kwako, kopa ni zile nyekundu zenye umbo la moyo, uru ni nyekundu za pembe nne, pau ni nyeusi zenye vidole vitatu kama ua, na shupaza ndiyo nyeusi iliyobaki.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma polepole. Ukubwa wa karata katika mchezo huu haufuati namba iliyoandikwa. Kuanzia kubwa kwenda ndogo ni hivi:

- Ree (ile yenye A): pointi 11
- Seti (saba): pointi 10
- Mzungu wa nne (mfalme, K): pointi 4
- Mzungu wa tatu (jeki, J): pointi 3
- Mzungu wa pili (bibi, Q): pointi 2
- Sita, tano, nne, tatu, mbili: hazina pointi. Haya ndiyo magarasa.

Wazungu usihangaike kuwakariri, majina yao ndiyo pointi zao. Ila angalia: jeki ni mkubwa kuliko bibi. Aliyezoea michezo mingine ya karata hukosea hapo hata baada ya wiki nzima.

Magarasa hayana pointi lakini yana ukubwa. Sita inaila tano, tano inaila nne, hivyohivyo mpaka mbili, ambayo haili kitu isipokuwa ikiwa turufu au imeanzishwa na hakuna aliyeifuata.

Ukijumlisha pointi za aina moja unapata 30. Aina nne ni 120. Nusu yake ni 60, ndiyo maana 60 haikutoshi na 61 inakutosha. Hiyo ndiyo nadharia yote. Iliyobaki ni kucheza.

Hatua kwa hatua, mkiwa wawili

1. Changa karata vizuri, kisha mpe mwenzako azikate. Usiruke kukata. Si kwamba unashukiwa, ni adabu ya mchezo, na anayekataa ndiye hushukiwa.

2. Gawa karata tatutatu, moja moja kwa zamu, zikiwa zimefunikwa. Kila mtu ashike zake, asionyeshe.

3. Funua karata inayofuata. Hiyo ndiyo turufu. Ikiwa ni nne ya uru, basi uru zote ni turufu kwa mchezo huu mzima. Iweke ikiwa wazi chini ya rundo lililobaki, imelala kwa upana ili nusu yake ionekane. Karata hii bado imo mchezoni. Ni ya mwisho kuvutwa. Kosa la wageni ni kuiweka kando kama alama tu, kisha mwishoni karata hazitoshi na kila mtu anamtazama mwenzake.

4. Asiyegawa ndiye anaanza. Anatupa karata yoyote anayoitaka, ikiwa wazi, katikati.

5. Mwenzake naye anatupa moja. Anaweza kutupa yoyote aliyonayo. Narudia kwa sababu ndilo swali linaloongoza: hulazimiki kufuata aina iliyoanzishwa. Ana pau na ametupa kopa? Halali yake. Ana turufu na hakukata, yaani hakuila yako kwa turufu? Hiari yake.

6. Angalieni nani amekula. Kama hakuna turufu iliyotupwa, inakula karata kubwa ya aina iliyoanzishwa. Kama turufu ipo, inakula turufu. Zikiwa zaidi ya moja, inakula iliyo kubwa. Na karata isiyo ya aina iliyoanzishwa wala si turufu, hata iwe ree, haili chochote.

7. Aliyekula anazikusanya na kuzifunika mbele yake. Hazirudi mkononi, hizo ni za kuhesabu mwisho.

8. Vuteni karata, moja kwa kila mtu kutoka juu ya rundo, ili muwe tena na tatutatu. Anaanza kuvuta aliyekula. Yeye ndiye pia anaanzisha mzunguko unaofuata.

9. Endeleeni hivyo mpaka rundo liishe. Karata ya mwisho kabisa kuvutwa ni ile turufu iliyokuwa wazi.

10. Chezeni karata tatu za mwisho bila kuvuta. Kisha kila mtu afunue alizokula na kuhesabu pointi.

Mwenye 61 au zaidi ameshinda. Mkifika 60 kwa 60 ni ngoma droo: wengine hurudia, wengine husema mchezo unaofuata uhesabiwe mara mbili. Mlishakubaliana, kumbuka. Wapo pia wanaohesabu ushindi mara mbili kama aliyefungwa hakufika hata 30. Mimi siipendi sana hiyo kwa wanaojifunza, inawavunja moyo, lakini watu wakishakomaa inaongeza pilipili.

Tuseme turufu ni uru, tuone mizunguko michache.

Wewe unaanza na nne ya pau. Mwenzako anaweka mzungu wa tatu wa pau. Amekula, kapata pointi 3. Hujapoteza kitu, umetoa garasa.

Sasa anaanza yeye, anatupa seti ya kopa. Wewe una mbili ya uru mkononi. Kata! Karata ndogo kuliko zote imeila ya pointi kumi kwa sababu ni turufu. Hapa ndipo mgeni hushangaa na mwenyeji hugonga karata kwenye meza kwa nguvu mpaka chai inamwagika.

Unaanzisha wewe, mzungu wa nne wa shupaza. Mwenzako anatupa ree ya kopa. Nani amekula? Wewe. Kopa haikuanzishwa wala si turufu, kwa hiyo ree yake ni mzigo tu. Umepata 4 na 11, jumla 15. Mtu anayejua kucheza hafanyi hivyo ila akiwa amebanwa, kwa mfano karata zake nyingine mbili ni ree na seti ya uru na hataki kuzitoa mapema.

Mzunguko wa mwisho wa mfano: unaanzisha tano ya uru, anajibu kwa sita ya uru. Turufu kwa turufu, sita imekula. Pointi? Sifuri. Turufu mbili zimekwenda bure. Mwanzo wa mchezo, usianzishe na turufu kama huna sababu.

Mkiwa wanne

Kaeni wawili kwa wawili, wenza wakitazamana. Kila mmoja anapewa tatu kama kawaida, turufu inafunuliwa, na rundo linabaki na karata 28, turufu yenyewe ikiwemo. Mizunguko yote ni kumi: baada ya ule wa saba rundo limekwisha, mnabaki na karata tatutatu za kumalizia. Mnachokula wewe na mwenzako mnakiweka mahali pamoja na mnakihesabu pamoja.

Mchezo hapa unabadilika sura, kwa sababu sasa kuna mtu wa kumlisha. Mwenzako akitupa ree ya turufu, hakuna duniani kitakachoila. Mpe pointi! Toa seti yako ya kopa, au ree ya pau, chochote kizito ambacho unahofia kitakatwa baadaye. Aliyekuja juzi hutupa garasa pale akidhani anatunza mali yake. Anaitunza mpaka mpinzani anaikata.

Kinyume chake: mpinzani akiwa amekula na wewe huwezi kumla, mpe garasa. Usimpe hata mzungu wa pili kama unalo garasa. Pointi mbili mbili ndizo huwatoa watu kwenye 60 na kuwapeleka 62.

Nafasi ya mwisho katika mzunguko ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu unaona karata tatu zimeshalala kabla hujaamua. Ukiwa wa mwisho na mezani kuna pointi nyingi za wapinzani, hapo ndipo turufu ndogo inapopata kazi. Ukiwa wa kwanza, wewe ni kipofu. Anza na garasa lisilo turufu, waache wengine wajifunue.

Halafu suala la ishara. Kukonyeza, kukohoa, kugusa sikio, kuimba kipande cha taarabu chenye ujumbe. Kuna vikundi ambavyo hayo ni sehemu ya mchezo na kila mtu anayafanya wazi, kuna vikundi ambavyo ukikohoa mara mbili unaambiwa uende hospitali. Ukiwa mgeni, nyamaza kwanza uone.

Mkiwa watatu, arubaini hazigawanyiki sawa, kwa hiyo ondoeni garasa moja, kwa kawaida mbili mojawapo. Zitabaki 39 na pointi zitakuwa bado 120 kwa sababu mbili haina kitu. Kila mtu anacheza peke yake. Mara nyingi hakuna atakayefika 61, hivyo mshindi ni mwenye nyingi. Ni mchezo wa fitina huu wa watatu: wawili humsonga anayeongoza bila hata kupatana, na urafiki huo huvunjika mara tu anayeongoza akibadilika.

Makosa ninayoyaona sana

Kuhesabu mizunguko badala ya pointi. Unaweza kula mara kumi na mbili ukafungwa na aliyekula mara nane. Mizunguko kumi ya magarasa matupu ni sifuri. Ukiona mezani kuna nne na tatu, jiulize kama kweli unavitaka kwa gharama ya mzungu.

Kuanzisha na seti. Hii inauma. Seti ina pointi kumi lakini ree ya aina yake inaila, na turufu yoyote inaikata. Ishike mpaka uione ree yake imepita, au mpaka upate nafasi ya kula nayo ukiwa wa mwisho kutupa: mpinzani ameanzisha mzungu wa nne wa pau, wewe una seti ya pau na mko wawili tu. Kula hapohapo, pointi 14 zako.

Kumaliza turufu mapema. Ziko kumi tu katika pakiti nzima. Mgeni akipata turufu tatu mkononi anaona ameshinda, anakata kila kitu, mpaka mzungu wa pili. Zikifika karata za mwisho hana hata moja, na mwenzake anavuna. Kipimo changu: turufu ndogo itoke kwa ree na seti bila kufikiri mara mbili, kwa mzungu wa nne nafikiri, kwa chini ya hapo naacha, isipokuwa mkono wangu umejaa turufu na sina jingine la kutoa.

Kutoa ree ya turufu kwa njaa. Hiyo ndiyo karata isiyoliwa na yeyote. Iweke kwa ajili ya kula seti ya turufu, au mezani pakiwa pamejaa, au mwisho.

Kusahau kilichopita. Hakuna anayekudai ukariri karata zote arubaini. Anza na vitu viwili: ree ngapi zimetoka, na turufu ngapi zimetoka. Ukimudu hivyo, ongeza seti. Mkiwa wawili, rundo likiisha mmebaki na karata sita tu mikononi, tatu zako na tatu zake. Aliyefuatilia turufu na karata nzito anajua mpinzani ameshika nini karibu kama anamwona.

Na kutazama nyuma karata zilizokwisha liwa. Zikishafunikwa zimefunikwa. Ukitaka kujua kama ree ya shupaza ilipita, ulipaswa kuiona ilipopita.

Ujanja mmoja wa kukupa heshima haraka

Turufu iliyofunuliwa mwanzoni inaonekana na kila mtu, na watu wachache wanaifikiria. Mkiwa wawili, inavutwa baada ya mzunguko wa 17. Aliyekula mzunguko huo anavuta kwanza, anapata karata iliyofunikwa. Aliyeliwa anapata turufu. Kwa hiyo kama iliyo wazi pale chini ni ree ya turufu, au seti yake, mzunguko wa 17 ni wa kupoteza kwa makusudi. Tupa garasa lako, muache mwenzako ale, wewe uokote pointi kumi na moja pamoja na nguvu yote iliyomo.

Jiandae mapema, karata zikiwa zimebaki nne tano kwenye rundo. Baki na garasa la kutupia siku hiyo. Nimeona watu wameshika wazungu na ree tupu wakati huo, hawana cha kupoteza nacho, wanakula bila kupenda.

Kama turufu ya chini ni garasa, ujanja huu hauna faida kubwa, ingawa turufu ndogo katika karata tatu za mwisho imewahi kuwa ndiyo tofauti kati ya 58 na 62.

Mkiwa wanne, anayeipata ni yule anayevuta wa mwisho baada ya mzunguko wa saba, yaani aliyekaa ubavuni mwa mlaji, upande ulio kinyume na mnakozunguka. Huyo siku zote ni mpinzani wa mlaji, kwa hiyo mkiitaka turufu, waacheni wapinzani wale mzunguko huo. Hili litakuja lenyewe baada ya kucheza sana. Usilifukuzie siku ya kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Mwishoni mtu mmoja ana karata mbili na mwingine nne.* Kuna aliyesahau kuvuta, au aliyevuta mbili zilizonatana. Ikigundulika mapema, anayepungukiwa avute, mendelee. Ikigundulika rundo limeshaisha, gawa upya. Dawa ni kuhesabu mkono wako kila baada ya kuvuta: tatu, siku zote tatu.

*Jumla ya pointi haifiki 120.* Kwanza hesabuni tena, aliyehesabu abadilishane na mwenzake. Kosa la kawaida ni mtu kumhesabia bibi tatu na jeki mbili. Kama bado haifiki, kuna karata imepotea: tazama chini ya mkeka, chini ya paja, na ndani ya pakiti pamoja na zile nane na tisa mlizotoa. Saba hupenda kujificha huko, kwa sababu aliyekuwa anachambua alizoea michezo mingine akaitoa.

*Jumla inazidi 120.* Mtu ameihesabia saba pointi 11, au kuna kumi ilibaki ndani na imepewa pointi kumi. Mkiikuta kumi, mchezo huo haupo.

*Karata imefunuka wakati wa kugawa.* Kusanya, changa, gawa upya. Msibishane.

*Mtu ametupa kabla ya zamu yake.* Mkiwa wawili haina madhara. Mkiwa wanne ameshamwonyesha mwenzake kitu. Kwetu karata hiyo inabaki mezani ikiwa wazi na lazima aitoe zamu yake ikifika. Adhabu inatosha.

*Mtu amevuta kabla ya aliyekula.* Kama hajaitazama, arudishe. Kama ameitazama, aonyeshe wote kisha airudishe juu ya rundo, na aliyekula aivute hiyohiyo au aruhusiwe kuchagua inayofuata, mtakavyokubaliana. Mimi huwa nasema aivute hiyohiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa yake.

*Mbishi anasema ametupa ree kwa hiyo amekula.* Muulize maswali mawili kwa utaratibu huu: ni aina iliyoanzishwa? Ni turufu? Akijibu hapana mara mbili, karata zinakwenda kwa mwingine.

*Unapata mikono mibaya mfululizo.* Magarasa matatu si msiba. Ni mkono mzuri wa kusubiria: unatoa moja moja bila kupoteza pointi, huku unavuta na mkono unabadilika. Aliye taabani kweli ni mwenye seti tatu za aina tofauti, hana turufu, na zamu ya kuanzisha ni yake. Huyo atoe seti ambayo ree yake imeshapita. Kama hakuna iliyopita, atoe yoyote, apige meza kwa nguvu kana kwamba ana mpango, na amwombe Mungu mwenzake asiwe na turufu.

*Mmoja anadai karata tatu za mwisho lazima mfuate aina.* Hajakosea, kuna wanaocheza hivyo: rundo likishaisha, mwenye aina iliyoanzishwa analazimika kuitoa. Lakini mwulize mbona hakusema mwanzoni. Malizeni mchezo huu kwa sheria mliyoanza nayo, unaofuata mchague.